Kidonge Tunachokiogopa na Kile Tunachokimeza

Mzee wa miaka sabini akiandikiwa methotrexeti hospitalini, nyumba nzima hushtuka. Mmoja atasoma kwenye simu kwamba hiyo ni dawa ya saratani, mwingine atasema ini litakwisha, na jirani atakuja na habari za mtu aliyenyonyoka nywele. Mzee huyohuyo amemeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, asubuhi na jioni kwa miaka, zikinunuliwa duka la dawa la mtaani bila cheti, pengine na mjukuu wa darasa la nne aliyetumwa na noti mkononi. Hizo hazijawahi kumshtua mtu. Ninaamini hapa ndipo tunapowaumiza wazee wenye baridi yabisi ya soriasisi. Tunaiogopa dawa inayopimwa na kufuatiliwa, na ile ambayo hakuna anayeiulizia tunaiacha ijipitie.

Soriasisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huichochea ngozi ijizalishe kwa kasi isiyo ya kawaida, mpaka ikatoka mabaka manene yenye magamba. Mitaani wengi huiita pumu ya ngozi, ingawa jina hilo hubebeshwa magonjwa mengine pia. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo si mekundu kama yanavyoonekana kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Huwa ya zambarau, ya kijivu, au meusi kuliko ngozi iliyoyazunguka. Kati ya watu kumi wenye soriasisi, inakadiriwa kwamba hadi watatu hupata pia ugonjwa wa viungo, kwa kuwa kinga ileile iliyopotea njia hushambulia maungio na mahali ambapo kano hushikana na mfupa. Mara nyingi ngozi hutangulia, viungo vikafuata baada ya miaka kumi hivi. Wachache huanza na viungo, na wapo wanaoanza wakiwa wameshafika uzeeni.

Anayeanza uzeeni ndiye anayepotea kirahisi. Akilalamika viungo huambiwa ni umri. Maumivu ya viungo vilivyolika kwa kazi na miaka kwa kawaida huzidi kadiri mtu anavyotembea, nayo hutulia akipumzika. Ya ugonjwa huu ni kinyume: mzee anaamka amekakamaa, inapita nusu saa au zaidi kabla vidole havijakunjika, halafu anapata nafuu akianza kujishughulisha. Kidole kimoja cha mguu au mkono huvimba chote, tangu shina hadi ncha. Kisigino huuma upande wa nyuma, pale kano kubwa inaposhikana na mfupa. Kucha hutoboka vishimo vidogo au huachana na nyama yake. Kwa sababu kidole gumba cha mguu nacho huvimba, wengi huambiwa wana jongo, wanakatazwa nyama na maharage, na miaka inapita wakila mchicha huku viungo vikiendelea kuharibika. Tena soriasisi yenyewe huweza kupandisha asidi ya yuriki kwenye damu, kwa hiyo hata kipimo kinaweza kumpotosha daktari. Na kile kipimo cha damu kinachotafuta baridi yabisi ya kawaida hapa mara nyingi hutoka safi, mzee akarudishwa nyumbani na majibu kwamba hana kitu. Tangu mwaka 1973, John Moll na Verna Wright wa Leeds, Uingereza, walishaueleza ugonjwa huu kuwa unajitegemea, wenye sura tano tofauti. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, hapa kwetu bado tunautafuta kwenye kipimo kisichouona.

Kuna kikwazo kingine. Mabaka ya soriasisi hupenda kujificha kichwani chini ya kilemba au kofia, nyuma ya masikio, kitovuni, na kwenye mfereji wa makalio. Mama wa miaka sabini na mbili hatamvulia kanga daktari wa umri wa mjukuu wake ili amwonyeshe makalio, na wala asilaumiwe. Kazi ni ya daktari kuuliza kwa heshima, kumwita muuguzi wa kike, kufunga mlango, na kueleza kwa nini ngozi ya pale inahusika na goti linalouma. Dakika tano za adabu ya namna hiyo zinaweza kumwepusha mgonjwa na miaka ya dawa zisizo zake.

Sasa tuje kwenye diklofenaki, kwa maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Ni dawa ya kweli, inatuliza maumivu na uvimbe, na kijana mwenye afya aliyeteguka mguu ataitumia siku tano bila shida. Mzee si kijana huyo. Figo hupungukiwa nguvu kadiri umri unavyosogea, na kwa kuwa misuli ya mzee imepungua, kipimo cha kreatinini huweza kusomeka kizuri wakati figo zimekwishachoka. Juu ya hapo, mtu mwenye soriasisi ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kuwa na presha, sukari, unene na ugonjwa wa moyo. Tuchukue mzee anayemeza losatani na kidonge cha kupunguza maji mwilini kwa ajili ya presha. Akiongeza diklofenaki, dawa hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuzima figo, hasa siku anapoharisha au anapofunga bila maji ya kutosha. Na kama figo zitavumilia, presha haitavumilia: itapanda. Kliniki itamwongezea dawa ya pili ya presha, kisha ya tatu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine. Yeye hakuficha. Hajui tu kwamba kidonge cha duka la jirani nacho huhesabiwa kuwa dawa.

Tumbo nalo hulipa. Vidonda vinavyotokana na dawa hizi kwa mzee huweza kuvuja damu bila kuuma kwanza. Dalili ya mwanzo ikawa choo cheusi tii, au kizunguzungu cha kuangusha mtu njiani kwenda bafuni. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitoa agizo kwamba diklofenaki isitumiwe na watu wenye moyo ulioshindwa kazi, wenye mishipa ya moyo iliyoziba au waliowahi kupata kiharusi. Mwaka 2015 Uingereza iliondoa vidonge vyake kwenye mauzo yasiyo na cheti. Mwaka huohuo wa 2013, watafiti Patricia McGettigan na David Henry walipitia orodha za taifa za dawa muhimu katika nchi nyingi, wakakuta diklofenaki imo kwenye orodha za nchi 74, na naproxeni, ambayo hatari yake kwa moyo ni ndogo zaidi, imo kwenye 27 tu. Tofauti hiyo inaonekana kwenye kila rafu ya duka la dawa la mtaani.

Sisemi mzee avumilie maumivu. Kuna siku anahitaji kitu cha kumtuliza, na zipo njia. Dawa ya jamii hii kwa dozi ndogo, kwa siku chache, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo, baada ya figo kupimwa, inaweza kumfaa asiye na moyo mbovu. Mafuta ya kupaka yenye diklofenaki huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana, nayo kwa goti moja au vidole ni msaada mzuri. Goti moja lililojaa maji huweza kuchomwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo na mtu anayejua kazi hiyo. Ninachokikataa ni kidonge cha kila siku, cha miaka, kisicho na msimamizi.

Mwenzake wa kuogopwa ni prednisoloni, kidonge cha steroidi. Hii ndiyo inayowatoa watu kitandani kwa siku mbili, na ndiyo maana inapendwa. Mzee aliyekuwa hawezi kushika kikombe ananawa mwenyewe, anakula, uso unajaa, na majirani wanamsifu kwamba amenawiri. Kumbe ule uso wa mviringo ni dawa. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua uzito kimya kimya hadi siku anapojikwaa kwenye kizingiti na kuvunja nyonga. Kwa mwenye soriasisi kuna hatari ya ziada ambayo wauzaji wengi hawaijui: akiacha vidonge hivyo ghafla, ngozi huweza kulipuka kwa nguvu kuliko mwanzo, usaha mdogo mdogo ukatokeza mwili mzima, au ngozi yote ikawaka na kubanduka. Hali hiyo kwa mtu wa miaka sabini ni ya kulazwa, na inaweza kuua. Anayezitumia tayari naye asikimbilie kuzitupa baada ya kusoma haya. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu.

Dawa za asili zina nafasi yake katika maisha yetu, na wapo waganga waaminifu. Lakini unga wa viungo unaomaliza maumivu ya miaka kumi kwa usiku mmoja unastahili kushukiwa. Katika nchi nyingi duniani, maabara zimepima dawa za namna hiyo zinazouzwa kwa jina la mitishamba na kukuta ndani yake steroidi au diklofenaki zilizosagwa. Kuna na dawa halali zinazochochea soriasisi yenyewe: vidonge vya presha vya jamii ya atenololi na propranololi, lithiamu ya magonjwa ya akili, na klorokwini. Ikiwa ngozi ya mzee imechafuka ghafla, swali la kwanza liwe ni dawa gani mpya ameanza.

Nirudi kwenye methotrexeti, ile iliyowashtua watu nyumbani. Ni kweli ilianzia kwenye tiba ya saratani, na kwa wagonjwa wa saratani hutolewa kwa dozi kubwa mno. Kwa viungo na ngozi kiasi ni kidogo: mzee huweza kuanza na miligramu 5 au 7.5, zikapandishwa polepole, na mara chache huvuka 25. Kiasi hicho ni cha wiki nzima. Humezwa siku moja tu katika juma. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya magonjwa ya viungo, ni ya bei nafuu ukilinganisha na zinazoifuata, na imetumika kwa miongo mingi. Inatuliza viungo na ngozi kwa pamoja, jambo ambalo diklofenaki haiwezi, kwa sababu ile hutuliza maumivu na uvimbe tu huku ugonjwa ukiendelea chini yake.

Madhara makubwa ya methotrexeti kwa wazee mara nyingi hutokana na kosa moja: kuimeza kila siku. Mamlaka za dawa za Ulaya ziliona vifo vya namna hiyo vya kutosha hata mwaka 2019 zikaagiza maandishi ya tahadhari yawekwe kwenye pakiti. Kwetu mtego upo kwenye ile bahasha ndogo ya dawa. Tumezoea kuandikiwa 1x3, 2x2, na kila mgonjwa anajua maana yake ni vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Mfamasia akiandika 3x1 akikusudia vidonge vitatu mara moja kwa wiki, mzee atasoma alivyofundishwa na bahasha zote za maisha yake: vitatu, mara moja, kila siku. Katika siku chache midomo inatoka vidonda, homa inapanda, damu inatoka kwenye fizi, uboho umeacha kutengeneza damu. Methotrexeti isiandikwe kwa alama hizo kamwe. Iandikwe kwa maneno kamili na kwa herufi kubwa: KILA IJUMAA TU. Au Jumapili tu, au siku ya gulio, ilimradi iwe siku ambayo nyumba ile tayari inaikumbuka kwa jambo lake. Itolewe vidonge vya wiki nne, si mkoba wa miezi sita. Na asidi ya foliki inayopunguza madhara yake iwekwe siku nyingine na kwenye kopo tofauti, kwa sababu vidonge vyote viwili ni vidogo na mara nyingi vya manjano, na macho yenye mtoto wa jicho hayatavitofautisha.

Kosa la pili ni Septrin. Mzee anapata kikohozi au anaungua akikojoa, anakwenda dukani, anapewa Septrin kama tulivyopewa sote. Dawa hiyo ikikutana na methotrexeti mwilini, zote mbili hushindana na foliki, tena Septrin huzuia figo kuitoa methotrexeti, na uboho huweza kusimama hata kama mzee hakukosea siku. Hili lingeandikwa kwa wino mwekundu juu ya daftari lake la kliniki, watu wangepona. Ni neno moja: ASIPEWE. Na kila anapougua homa, au akiharisha na kutapika mpaka maji yakamwisha mwilini, aache dozi ya wiki ile kwanza na kumuuliza daktari wake. Pombe nayo, hata ile ya kienyeji inayohesabiwa kuwa chakula, ini halitaivumilia pamoja na dawa hii.

Kuna kipimo ambacho madaktari wetu huona haya kumtajia mtu wa rika la wazazi wao. Mwaka 2000 Njobvu na McGill walichapisha utafiti wa Lusaka, Zambia, uliokuta kwamba karibu wagonjwa wao wote wa baridi yabisi ya soriasisi walikuwa na virusi vya UKIMWI. Ulikuwa wakati tofauti, kabla ya ARV kuenea, na wenye umri mkubwa wa leo si wote walio katika hali ile. Lakini soriasisi inayolipuka kwa nguvu ukubwani bado ni sababu ya kupima, na wapo wengi waliozeeka wakiwa kwenye ARV, wengine wakimeza Septrin kila siku kama kinga. Mgonjwa huyo akipewa methotrexeti na mtu asiyejua habari zake zote, hatari niliyoitaja juu inamkuta siku ya kwanza. Apimwe, aulizwe kwa staha, na kliniki mbili zizungumze.

Dawa za sindano za kisasa, kama etanasepti na adalimumabu, nitazipitia haraka kwa sababu wachache ndio wanaozifikia. Zinafanya kazi vizuri sana. Lakini katika nchi zetu zenye kifua kikuu kingi, TB iliyolala mwilini tangu ujana huweza kuamka mzee akianza sindano hizo, kwa hiyo kifua kipimwe kwanza, pamoja na homa ya ini aina ya B, na mwenye moyo ulioshindwa kazi ajue kwamba kundi hili la dawa halimfai. Anayeletewa sindano na mtoto wake aliye Muscat au London asichomwe mtaani kwa sababu tu friji ya nyumbani inafanya kazi.

Halafu kuna mambo yasiyouzwa dukani, nayo hupuuzwa kwa sababu hayana bahasha. Choo cha kuchuchumaa kinamtesa mzee mwenye magoti yaliyovimba kuliko ugonjwa wenyewe, na wengi hupunguza kunywa maji ili wasiende mara kwa mara, jambo ambalo kwa mtu anayemeza methotrexeti ni kujitafutia balaa la figo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu na vishikio kwa fedha kidogo. Imamu anaweza kumwambia waziwazi kwamba kusali akiwa amekaa kitini kunaruhusiwa, na padri akamwambia asipige magoti, kwa maana wazee wetu hawataacha kujitesa katika ibada mpaka wasikie ruhusa kwa mwenye kauli. Kutembea kila asubuhi baada ya ukakamavu kupungua, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, kuacha sigara na ugoro: haya husaidia viungo na moyo pamoja. Mazoezi ya mikono anayofundishwa na mfiziotherapia yana thamani sawa na kidonge, na hospitali zetu za rufaa zina wafiziotherapia ambao wazee hawaelekezwi kwao.

Nani basi asimamie? Nadhani tuna msingi tusioutumia. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika mikoani na nchi za jirani. Hao ndio wanaomwona mgonjwa wa soriasisi miaka mingi kabla viungo havijavimba, ilhali mabingwa wa viungo ni wachache mno na wengi wako miji mikubwa. Kila anayefika kliniki ya ngozi na soriasisi aulizwe kila mara kama anaamka amekakamaa na kama kuna kidole au kisigino kilichovimba. Mpango wa maduka ya dawa muhimu nao, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, uliwapa wauzaji wa vijijini mafunzo ili wawe zaidi ya wachuuzi. Muuzaji aliyefunzwa anaweza kuuliza, kabla ya kupokea ile noti: anayeitumia ana umri gani, ana presha, anameza nini kingine? Akijibiwa na mtoto wa darasa la nne kwamba ni za bibi, asiuze. Amwambie mtoto aje na mtu mzima na mfuko wa dawa zote za bibi, zikiwemo za asili na za kupaka, uangaliwe palepale.

Familia zina wajibu wa kuutunza mfuko huo. Mtu mmoja, binti au mkwe au mjukuu mkubwa, ajue kila kilichomo, na aende nao kila kliniki ya presha, ya sukari, ya ngozi na ya macho.

Na serikali ina deni lake. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliahidi matibabu kwa wenye miaka 60 na zaidi, na wazee wengi hufika dirishani na vitambulisho vyao wakaambiwa dawa hakuna, kanunue. Wanachonunua ndicho nilichokieleza. Kwa ugonjwa huu ahadi hiyo inapaswa kujumuisha methotrexeti na foliki katika hospitali za wilaya, pamoja na vipimo vitatu vinavyoifanya iwe salama: picha kamili ya damu, ini na figo, kabla ya kuanza, kisha kila wiki chache mwanzoni, halafu kila miezi miwili au mitatu maadamu mzee anaitumia. Vipimo hivyo si vigeni. Hospitali za wilaya zenye maabara inayofanya kazi zinavifanya kila siku kwa wagonjwa wengine, na mzee mwenye vidole vilivyovimba anastahili kuingizwa kwenye foleni hiyo bila kudaiwa.